Kitambulisho Kilirudi, Pesa Zikabaki

Nilipokuwa kidato cha pili, mama alipoteza kibeti chake kati ya Shinyalu na mjini Kakamega. Ndani mlikuwa na karo yangu, shilingi 4,200 alizopokea kwenye chama asubuhi ile, pamoja na kitambulisho chake. Siku ya nne mzee wa mtaa akatuma mtoto aje amwite: kitambulisho kimeachwa kwa chifu. Mama alikwenda mbio. Akapewa kadi peke yake, imefungwa kwa karatasi ya daftari.

"Shukuru Mungu, mama," akaambiwa. "Aliyekiokota ana utu."

Utu gani? Mtu yule alilisoma jina la mama yangu. Aliitazama picha yake. Nyuma ya kadi alisoma kata na kata ndogo, ndiyo maana akajua aipeleke kwa chifu yupi. Alimjua mwenye mali vizuri kabisa, akachagua kumrudishia plastiki na kubaki na karo ya mtoto. Na sisi tukamsifu.

Hadi leo desturi hiyo iko nasi. Rudisha kitambulisho na kadi ya benki, pesa ziwe asante yako. Ukihoji, unajibiwa kwamba cha kuokota si cha kuiba. Nimeisikia kauli hii kwenye steji ya matatu, nimeisikia sokoni, nimeisikia hata kwa watu tunaokaa nao benchi moja kanisani. Ni kauli ya uongo.

Hata sheria haiikubali. Kifungu cha 268 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwepusha na kosa la wizi mtu aliyetumia kitu kilichopotea iwapo tu hamjui mwenyewe, na ana sababu za maana za kuamini kwamba hawezi kupatikana. Ukishasoma jina kwenye kadi, kinga hiyo huna tena. Kuokota ni tendo la sekunde moja, halina lawama. Swali ni ulifanya nini saa iliyofuata.

Wengine husema Mungu amewapa. Mungu yupi? Torati inaagiza kwamba kilichopotea ukiweke nyumbani kwako mpaka ndugu yako aje kukitafuta. Waislamu wa Mumias wanajua kuwa fikihi ina mlango mzima wa vitu vya kuokota, na kwamba mtu hutakiwa kutangaza alichookota kwa mwaka mzima. Dini zote mbili zilikutana na pochi ya njiani kabla yetu, na hakuna iliyoiita baraka.

Simu nazo zimeuzidisha ugonjwa huu. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, pesa hazihitaji kuanguka barabarani. Tarakimu moja ikikosewa, karo au pesa ya dawa inaingia kwa mtu wa mbali. Anayezipokea anakimbilia kwa ajenti kuzitoa kabla mwenyewe hajapiga. Huko nako kuna sheria: ile ya makosa ya kompyuta na mitandao ya 2018 inamtia hatiani anayezuia kwa makusudi malipo yaliyomfikia kimakosa, na adhabu yake ni faini ya hadi shilingi 200,000, kifungo cha hadi miaka miwili, au vyote viwili. Najua pia matapeli wapo, wanaotuma ujumbe bandia na kulia kwamba wamekosea namba. Kwa hiyo angalia salio lako kwanza. Usitume chochote kwa namba unayopewa. Mwambie mwenye pesa apeleke ule ujumbe wa muamala kwa 456 ili zirudishwe, nawe usiziguse. Haikugharimu hata senti.

Hoja moja naiheshimu. "Nikizipeleka polisi zitaliwa huko." Hofu hiyo imetokana na mambo tuliyoyaona. Lakini yule anayeogopa polisi kula pesa ndiye anayekwenda kuzila mwenyewe! Kama huwaamini, zihesabu mbele ya watu wawili, zikae kwa mchungaji, imamu au mwenyekiti wa chama, kisha zitangazwe kanisani, msikitini na redioni bila kutaja kiasi. Mwenyewe atakitaja.

Na asiniambie mtu kwamba kila binadamu angezila. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la pochi zaidi ya 17,000 zilizokabidhiwa kama vitu vilivyookotwa katika nchi 40, Kenya ikiwemo. Kwa jumla, wenyewe wa pochi zilizokuwa na pesa walitafutwa mara nyingi kuliko wa zile zisizo na pesa: 51 kwa kila 100, dhidi ya 40. Kadiri watu walivyoona kwamba kukaa kimya kungewafanya wezi, ndivyo walivyomtafuta mwenyewe.

Sisi wa Kakamega ndio tungekuwa wa mwisho kuitamka kauli ile ya cha kuokota si cha kuiba. Mwaka 1931 dhahabu ilipopatikana hapa, walowezi walimiminika wakiwa na majembe na karai za kuoshea mchanga, wakisema wamegundua, wamejipatia. Sheria ya 1930 ilikuwa imewaahidi wenyeji kwamba ardhi yao ikichukuliwa watafidiwa kwa ardhi nyingine na kwamba baraza lao litaulizwa. Mwishoni mwa 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha, madini yachimbwe bila ardhi kufidiwa kwa ardhi. Mgodi wa Rosterman ulichimbwa hadi 1952. Wazee wetu walikuwapo wakati wote huo, majina yao yakijulikana, makaburi ya baba zao yakionekana. Mwenye mali alikuwa amesimama pale pale, na bado aliyeikuta akasema ni yake.

Karo yangu ilikuja kulipwa kwa ng'ombe. Nilikaa nyumbani wiki tatu. Mama aliendelea kupanda matatu za njia ile kwa miaka mingi, na kila alipoketi aliwatazama abiria mmoja mmoja, bila kusema neno, kwa sababu mmoja wao alijua jina lake.