Kiazi cha Kuoka Huchaguliwa Shambani



Wako watu wasemao kwamba kiazi ni kiazi tu, nacho kikiisha kuiva hakuna tofauti. Maneno hayo si kweli. Vumbika viazi viwili vya aina mbalimbali katika majivu ya moto, au vioke katika tanuri, kisha vipasue. Kimoja kitafunguka chenyewe, kikavu kama unga. Cha pili kitakuwa na majimaji, nacho kitanata katika kisu. Sababu yake ni wanga. Kiazi chenye wanga mwingi na maji machache ndicho kifaacho kuoka. Chenye maji mengi chafaa mchuzi, maana hakivurugiki upesi.

Katika nyanda za juu za Kenya, Kinangop, Molo na Meru, mbegu iliyoenea sana siku hizi ni Shangi. Siilaumu. Hukomaa upesi shambani, huiva upesi motoni, na wachuuzi huitaka. Lakini ina kasoro moja kubwa: haikai ghalani, kwa kuwa huchipua mapema baada ya kuvunwa. Mwenye Shangi peke yake hulazimika kuuza wakati ule ule wauzapo jirani zake wote, bei ikiwa chini. Tena kwa ajili yake wengi wetu tumeziacha mbegu njema za kuoka. Iko Kerr's Pink, yenye ngozi ya waridi, iliyoanza kuuzwa kwao Scotland mwaka 1917, nayo ni ya unga sana. Iko na Dutch Robijn, yenye ngozi nyekundu na nyama ya manjano, ambayo wenye viwanda vya krispi huitafuta kwa sababu ya ukavu wake.

Hapa ndipo penye hatari. Mbegu ya mahindi ikikaushwa vema yaweza kungoja mwaka mzima na kupita, kiazi hakingoji. Wahenga walisema, Akiba haiozi. Lakini kiazi huoza. Aina isiyopandwa misimu michache hutoweka kijijini, na siku utakapoitaka hutaipata.

Tena kutegemea aina moja ni jambo la kuogofya. Tazama yaliyoipata nchi ya Ireland. Maskini wa huko walipanda zaidi aina moja, jina lake Lumper, kiazi chenye maji, kilichopendwa kwa sababu kilizaa sana hata katika udongo dhaifu. Mwaka 1845 ukungu uliingia mashambani, viazi vikaoza, na katika miaka iliyofuata watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi. Ukungu huo ndio tuuonao sisi wakati wa mvua na baridi. Sisemi kwamba viazi vya kuoka haviugui. Huugua, navyo huhitaji kupigwa dawa. Nasema kwamba aina haziugui zote kwa kadiri moja, wala hazikomai siku moja; mwenye aina mbili au tatu hakuweka mayai yake yote katika kikapu kimoja cha soko.

Basi, fanya hivi.

Kwanza, pima. Yeyusha kikombe 1 cha chumvi katika vikombe 11 vya maji, kisha tia humo viazi vichache vya kila aina, vilivyooshwa. Kizamacho kina wanga mwingi, nacho ndicho cha kuoka. Kieleacho weka kwa mchuzi.

Pili, chagua mbegu shambani, si ghalani. Mimea ianzapo kutoa maua, chomeka vijiti penye mashina yenye nguvu na majani safi. Rudi baada ya majuma 2, ukaondoe vijiti penye mashina yaliyonyauka au kujikunja majani. Siku ya kuvuna, chimba kwanza penye vijiti, na humo utoe mbegu ya ukubwa wa yai la kuku. Desturi yetu ya kuuza vikubwa, kula vya kati na kupanda vidogo vilivyosalia ndiyo iharibuyo mbegu, maana mara nyingi shina gonjwa ndilo lizaalo vidogo.

Tatu, usiwe na haraka. Kiazi kichimbwacho kichanga kina maji, ijapokuwa ni cha aina njema. Usizidishe mbolea ya kukuzia, kwa kuwa huchelewesha kukomaa. Ngoja majani yakauke na ngozi ikaze, isichubuke ukiisugua kwa kidole gumba.

Nne, weka viazi vya chakula gizani, pasipo joto. Kiazi kilichogeuka rangi ya kijani kina sumu, usimpe mtoto.

Utaniuliza, ‘Faida gani, ikiwa soko halitaki kiazi changu cha kuoka?’ Nami najibu: Soko si mwenye nyumba yako. Panda Shangi, uuze, ulipe karo ya shule. Lakini msimu ujao tenga mistari michache kwa ajili ya meko yako, na mbegu yake umgawie jirani. Ukipotewa na yako kwa mnyauko au ukungu, kwake utaipata tena. Mbegu iliyo katika nyumba moja ni rahisi kupotea. Iliyo katika nyumba kumi hudumu.