Aliyepigwa na radi akalala kimya, tuanze naye



Kila msimu wa mvua tunasoma habari zile zile. Runyanya, Uganda, mwaka 2011: wanafunzi 18 wamekufa kwa radi. Geita, mwaka 2018: wanafunzi 6, wakiwa darasani. Viongozi wanafika na rambirambi, kisha mjadala unakwenda pande mbili tu: nani karoga, na kwa nini shule haikuwekewa vifaa vya kuzuia radi. Hilo la pili ni la msingi. Ila kuna la tatu ambalo silisikii bungeni wala humu jamvini.

Mimi ni muuguzi, nipo Uingereza, wodi ya moyo. Radi humsimamisha mtu moyo ghafla, lakini mara nyingi moyo huo huo huanza tena kupiga wenyewe. Kinachochelewa kurudi ni pumzi, maana sehemu ya ubongo inayoamrisha kupumua imepigwa ganzi. Moyo unapiga, hewa hakuna. Dakika chache baadaye unasimama mara ya pili, safari hii kwa kukosa oksijeni. Na hapo watu wamemzunguka, wanalia.

Ndiyo maana kwa radi utaratibu hugeuzwa. Kwenye ajali ya basi yenye majeruhi wengi, asiyepumua huachwa kwanza. Kwa radi, anayelia kwa kawaida atapona (ingawa naye akapimwe moyo hospitali). Wa kuanza naye ni yule anayeonekana maiti. Apuliziwe pumzi mdomoni, akandamizwe kifua kwa nguvu mara 100 hadi 120 kwa dakika. Msiogope kumgusa, mwili wake haubaki na umeme. Aliyenaswa na waya wa nyumbani ni habari nyingine, huyo zima swichi kubwa kwanza.

Sasa nani atafanya haya kijijini? Gari la wagonjwa halipo. Aliyepo ni mwalimu, na saa chache za mafunzo zinamtosha. Hazihitaji mkopo wa Benki ya Dunia! Nikiwa likizo niliomba shule moja ya kwetu inipe asubuhi moja tu, bure. Nikaambiwa nipitie wilayani. Wilayani nikaulizwa posho ya washiriki ni kiasi gani.

Manesi na madaktari tuliopo huku ni wengi, na tunachangia jezi na madawati kila mwaka. Kama kuna aliyewahi kupata kibali cha kufundisha walimu bila kuulizwa posho, atueleze alipitia mlango gani.

Nawasilisha.