Shira ya Mepo si Kufuru

Mteja aliirudisha bilauri kaunta kana kwamba nimemtilia chumvi. "Mint julep haitiwi mepo," akasema. "Ni sukari ya miwa. Ndiyo asili yake." Ilikuwa wiki ya mbio za farasi hapa Louisville, Kentucky, na baa ilikuwa imefurika. Nikatabasamu, maana mhudumu anaishi kwa bahashishi. Jibu lake nalitoa leo.

Asili ipi? Hata jina limehamia. Julep limetokana na gulab ya Kiajemi, yaani maji ya waridi, likapitia kwa Waarabu hadi Ulaya. Kinywaji chenye jina la marashi kina haki gani ya kudai usafi wa ukoo?

Tuje kwenye sukari. Mimi ni mtoto wa Pangani, ambako katika karne ya 19 mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa. Ng'ambo hii ya Atlantiki ilikuwa vivyo hivyo, kuanzia Karibi hadi Louisiana. Mwaka 1791 daktari Benjamin Rush wa Philadelphia alimwandikia Thomas Jefferson barua ndefu akiusifu mti wa mepo, akitumaini kuwa sukari yake ingepunguza haja ya ile ya watumwa. Jefferson akapanda miche Monticello. Mingi ikafa.

Sisemi mepo inatakasa. Jefferson huyo huyo alimiliki watu zaidi ya 600 maishani mwake. Na ujuzi wa kugema mepo ni wa wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini, walionyang'anywa misitu yenyewe. Nasema tu kwamba anayetetea muwa kwa jina la mila aitaje mila yote.

Amtaje John Dabney. Alizaliwa mtumwa Virginia, akawa bingwa wa julep mjini Richmond. Sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bibi aliyemmiliki. Kwa kile alichobakiziwa, alimkomboa mkewe. Amtaje Tom Bullock, mwana wa Louisville hii hii, Mmarekani Mweusi aliyechapisha kitabu cha vinywaji mwaka 1917. Mteja wangu alijua aina ya sukari. Mikono iliyoikoroga hakuijua. Hiyo si mila, ni kumbukumbu ya mlevi: anakumbuka utamu, anasahau nani alimhudumia.

Kwa hiyo naendelea. Majani 8 ya nanaa nayabonyeza polepole kwenye kijiko kimoja cha shira ya mepo. Ukiyaponda yanatoa uchungu. Shira hiyo ni utomvu uliochemshwa, takriban lita 40 kupata lita 1, kwa hiyo siimwagi ovyo. Naongeza mililita 60 za bourbon, najaza barafu iliyopondwa, nakoroga hadi bilauri ya bati igande ukungu kwa nje. Juu nachomeka shada la nanaa, nikiisha kulipigapiga kiganjani ili harufu ifike puani kabla wiski haijafika mdomoni. Shira ina ladha ya moshi kidogo, nayo inaelewana na bourbon iliyolala kwenye pipa lililochomwa moto ndani.

Atakayetaka sukari ya miwa nitamtilia. Kazi ni kazi. Ila akiniambia ndiyo asili, nitamwuliza kwanza: Dabney unamjua?