Nyumba Yetu: Mtambue Tetea Kabla ya Kuchinja

Katika kisiwa cha Chisenga, wilayani Nchelenge, nchini Zambia, jamaa nyingi hupata chakula na fedha kutoka Ziwa Mweru. Lakini kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, serikali husimamisha uvuvi ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo mitatu kuku wachache wa uani ndio akiba ya nyumba. Akiba hiyo hupotea upesi pale baba anaporudi likizo kutoka kazini, au mgeni anapofika, na kijana akatumwa kukamata pora yeyote aliye karibu. Kumbe aliyechinjwa ni tetea, ambaye angalitaga.

Wako wasemao kwamba yai lililochongoka hutoa jogoo na la mviringo hutoa jike. Sivyo. Umbo la yai halionyeshi jinsi ya kifaranga. Tena, jinsi hutokana na yai la kuku mama, wala si na jogoo. Na kwa kawaida karibu nusu ya vifaranga huwa madume. Kifaranga wa kienyeji wa siku moja hatambulikani kwa kumtazama tu. Wataalamu wa Kijapani walianzisha katika miaka ya 1920 njia ya kuchunguza tupu yake, lakini hiyo ni kazi ya fundi. Asiyefunzwa aweza kumwumiza.

Kwa hiyo subira inahitajika. Kuanzia wiki ya sita hadi ya nane, tazama kichwani. Pora huota upanga mkubwa zaidi na mwekundu mapema, na miguu yake huwa minene. Upanga wa tetea hubaki mdogo na wa rangi hafifu. Mfunge uzi mguuni kila unayemdhania pora, na uulegeze kadiri anavyokua.

Usihukumu kwa dalili moja. Ngoja wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili, kisha chunguza manyoya ya shingoni na ya kiunoni karibu na mkia. Ya pora ni membamba, yamechongoka na yanang'aa. Ya tetea yana ncha ya mviringo. Usingoje kuwika peke yake, maana wengine huchelewa.

Kuku akiatamia tarehe 10 Agosti, vifaranga huanguliwa baada ya siku 21, yaani mwisho wa Agosti. Uvuvi unapofungwa, wametimiza wiki kumi na mbili na zaidi. Hapo mapora waweza kuuzwa au kuliwa, na matetea wakabaki. Wengi huanza kutaga wakifikia umri wa miezi sita hivi. Jogoo mmoja mwenye afya huwatosha majike kumi. Waliozidi hula chakula na kupigana bure.

Shauri hili lawafaa pia jamaa za askari waishio kambini, palipo na ruhusa ya kufuga. Kabla kisu hakijatolewa, mama au baba amkamate kuku mwenyewe na kumtazama manyoya.