Ufuko wa Bahari si Ua wa Mtu

Wapo watu katika jiji hili la Dar es Salaam wanaoamini kwamba kupumzika ni haki ya mwenye gari. Kibarua wa kiwandani Chang'ombe, mama lishe wa Tandika, kuli wa bandarini, mchuuzi wa Manzese: hao, kwa mawazo ya mabwana hao, siku ya Jumapili wajifungie vyumbani mwao, na upepo wautafute kwenye pepeo la mkaa. Wakionekana pwani huulizwa wamefuata nini.

Nami niliulizwa. Jumapili moja niliondoka Mbagala Rangi Tatu na jamaa zangu, wakubwa watatu na watoto watano, tukiwa na chapati, dumu la maji na mkeka. Tulibadili daladala mara mbili, tukashuka upande wa kaskazini, mbele ya Kawe, tukashika njia ya mchanga kandokando ya maji kama waendavyo wavuvi tangu enzi za mababu. Hatukufika mbali. Alitokea mlinzi na rungu lake, akasema hapo ni mahali pa watu binafsi. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, hata bahari?" Akatazama chini, akajibu, "Mzee, mimi nimewekwa tu." Sikumlaumu kijana yule. Katika mazungumzo tulitambua kwamba amepanga chumba Yombo, na kwamba watoto wake mwenyewe hawajapata kuoga baharini. Lawama ni ya aliyemweka.

Msomaji atakumbuka kwamba jambo hili lina historia. Enzi za Mwingereza, Oysterbay ilikuwa makazi ya Wazungu, na upepo wa bahari ulikuwa sehemu ya mshahara wao. Mwafrika alipangiwa Kariakoo na Ilala, na baadaye Magomeni na Temeke, nyuma ya mgongo wa mji. Uhuru wa mwaka 1961 ulifungua pwani ile. Leo nenda pale Coco Beach siku ya Jumapili jioni uone: mihogo inakaangwa, watoto wa Tandale wanacheza mpira na watoto wa Masaki, vijana na wachumba wao wamekaa juu ya miamba, na hakuna anayeuliza mtu kitambulisho. Huo ndio ufuko wa umma. Lakini ni kipande kifupi mno kwa mkoa ambao sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728, na kila baada ya miaka michache huzuka tena maneno kwamba apatiwe mwekezaji.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi wote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Nakiri kwamba kifungu hicho kilitungwa kwa ajili ya hifadhi, si kwa ajili ya mkeka wangu na chapati zangu. Lakini nauliza: ikiwa mita hizo 60 zimekatazwa, kuta tunazoziona zikilowa mawimbi zilijengwa na majini?

Wenye kuta wana jibu lao, nalo ni jibu la hila. Husema, "Mchanga ni wenu, piteni mbele ya ukuta." Mtu asemaye hivyo huwatania watu wa pwani. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na wakati wa bamvua tofauti yake hupita kimo cha mtu mzima. Ukuta ukijengwa pale maji yanapofikia, basi maji yakijaa hakuna mchanga. Na mwenye watoto akiwa katikati ya kuta mbili hana pa kurudi. Njia ipatikanayo kwa saa chache tu haiwezi kuitwa njia.

Wengine husema wananchi ni wachafu. Hapa sitajificha: tunaacha maganda, chupa na mifuko, nayo ni aibu yetu. Lakini mapipa yako wapi? Choo kiko wapi? Na mtu asiye na choo ufukoni afanye nini na mtoto wa miaka mitatu? Wengine husema tutazama, na ni kweli kwamba watu huzama, hasa siku za sikukuu. Dawa ya kuzama ni kuweka waokozi na bendera za kuonya, na kuwafundisha watoto kuogelea. Fedha za ushuru wa hoteli za pwani hazikosi kutosha kuanzia. Ama hoja ya watalii, nina maneno machache tu: mgeni aliyetoka mbali kuja kuiona Tanzania hatadhurika akimwona Mtanzania.

Hali ya Temeke ndiyo inayouma zaidi. Kigamboni ilipomegwa na kuwa wilaya kamili, kati ya 2015 na 2016, Temeke ilibaki kutazamana na bandari, na mikoko ya Mtoni, na matope. Mkazi wa Temeke atakaye mchanga mweupe huvuka kwa kivuko cha Magogoni, au hupita Daraja la Nyerere lililofunguliwa Aprili 2016, kisha husafiri hadi Mjimwema na kuendelea. Akifika, hukuta lango na mtu wa tikiti. Daraja limeifikisha barabara baharini, na lango limemrudisha mwananchi barabarani. Maeneo mengi ya huko bado yako wazi. Basi na yapimwe leo kabla hayajafuata mkondo wa Mbezi na Kunduchi, maana kuzuia ukuta usijengwe ni rahisi kuliko kuubomoa.

Halmashauri za Kinondoni na Kigamboni zianze na kazi ndogo. Zichore ramani ya kila njia ya umma iendayo baharini, na ramani hiyo ibandikwe katika ofisi ya kila serikali ya mtaa, Mbagala na Tandale zikiwemo. Palipozibwa, aliyeziba apewe siku za kuzibua kwa gharama yake. Wale watoto watano wananiuliza kila wiki ni Jumapili ipi tutakwenda tena, nami sipendi kuwatajia siku kabla sijajua tutapita wapi.