Ungo Usiovunjika Si Laana

Mwandishi mmoja ametuambia kwamba binti wa milima ya Upare asiyevunja ungo amebeba laana ya ukoo wa mama, na kwamba aolewe tu, damu itamjia ndoani. Nakubaliana naye jambo moja: njaa na maradhi huweza kuchelewesha hedhi. Mengine ni upotofu.

Chukua hali iitwayo Turner, iliyoelezwa na daktari Mmarekani Henry Turner mwaka 1938. Mtoto mmoja wa kike kati ya kila 2,000 hadi 2,500 huzaliwa na kromosomu X moja tu iliyo kamili badala ya mbili. Hubaki mfupi, na ovari zake hunyauka mapema. Anayemnyooshea mama kidole ajue kwamba mara nyingi X inayokosekana ni ile ambayo ingetoka kwa baba. Wala baba hana kosa: ni bahati nasibu ya mbegu za uzazi.

Binti mwingine ana ovari nzima lakini amezaliwa bila mji wa mimba. Huyo ndoa itamletea damu kutoka wapi?

Mficha maradhi, kifo humuumbua: Turner huweza kugusa moyo na figo pia. Binti akifika miaka 15 bila hedhi, au 13 bila matiti, ashuke kutoka Chome au Vudee hadi hospitali ya Same. Ikibidi, apewe rufaa ya KCMC, Moshi. Nauli ya basi ni nafuu kuliko mbuzi wa tambiko, tena kuliko talaka.