Anayekuangusha Ndiye Anayekufundisha
Anayetaka kujifunza judo asianze kwa kuuliza namna ya kuangusha. Aanze kwa kujifunza kuanguka. Hilo ni somo la msingi katika mchezo ulioanzishwa na Kano Jigoro mwaka 1882, alipofungua shule yake ya Kodokan ndani ya hekalu la Eishoji jijini Tokyo, kwenye ukumbi wa mikeka 12 tu. Mwanafunzi hukunja kidevu kifuani, huupiga mkeka kwa mkono wote ili kishindo kisambae, huinuka, kisha hurudia, tena na tena. Halafu huja uchikomi: wawili hushikana kola na mkono wa vazi, mmoja hujiweka tayari kumtupa mwenzake mara kumi mfululizo bila kumwangusha, kisha hubadilishana zamu. Hapo ndipo ninapouona utu wa mchezo huu. Mwenzako anakuazima mwili wake ili ujifunze, nawe unamshikilia mkono anapoanguka ili asiumie. Akipigapiga mkeka kukubali kushindwa, unamwachia papo hapo. Kano aliuita msingi huo jita kyoei, yaani ustawi wa wote, mimi na wewe. Ndiyo maana siamini kwamba mtu ataimudu sanaa hii peke yake mbele ya video, hata awe na nguvu za simba. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wazazi wanaohofu kwamba mazoezi haya yatazaa watoto wagomvi waende wakatazame darasa moja hadi mwisho: watawaona wakiinamiana kwa heshima, kila mmoja akimshukuru aliyemwangusha.